Mgonjwa wa Ini na Maradhi Yamviziayo

 Jioni ya leo tumepewa nafasi ya kusema nanyi, na jambo tulilolichagua ni la ugonjwa. Sisi si matabibu. Sisi ni walimu, na kazi yetu ni kuwafundisha vijana watakaokuwa walimu baada yetu. Lakini mtu aliyefundishwa jambo kwa gharama kubwa hana haki ya kulifungia kifuani, na jambo hili sisi tulifundishwa kwa kumpoteza mwenzetu.

Mwenzetu huyo tutamtaja kwa kazi yake tu. Alikuwa mwalimu wa hesabu katika chuo chetu, mtu mpole na mwenye utaratibu, ambaye kengele ya asubuhi haikupata kumtangulia hata siku moja. Katika mwaka wake wa mwisho miguu ilianza kumvimba, kisha tumbo likajaa maji, na macho yakawa ya manjano. Alikwenda hospitali, akaambiwa kwamba ini lake limechakaa kwa ugonjwa wa siku nyingi. Akapewa dawa za kupunguza maji, akakatazwa chumvi. Akarudi kazini, akavaa kanzu pana, na sisi tukajizoeza kutolitazama tumbo lake.

Basi Jumatatu moja alikosea hesabu ubaoni, hesabu ya kugawanya ambayo mtoto wa darasa la nne aijua. Wanafunzi wakacheka. Jumanne alilala usingizi mezani mchana kweupe, na usiku mkewe akamwona akizunguka uani, akitafuta viatu alivyokuwa amevivaa. Jumatano alisema tumbo lamsokota kidogo, akaharisha. Mkewe akamgusa kipaji, hakuona moto. Tukasema, "Hana homa, ni uchovu tu, na apumzike." Na wengine kati yetu, Mungu atusamehe, walinong'ona kwamba mwalimu ameanza kunywa pombe kwa siri. Hata ilipofika Ijumaa, naye hamtambui tena mwanawe, ndipo tulipomchukua hospitali.

Daktari alimchoma sindano tumboni, akatoa maji kidogo, akayapeleka yakapimwe. Akarudi akatuambia kwamba vijidudu vimeingia katika maji yale, na figo zimekwisha kushindwa kazi yake. Akafanya yote awezayo. Jumapili alfajiri mwenzetu alifariki. Daktari hakutulaumu. Alituuliza swali moja: "Alianza kuchanganyikiwa siku gani?" Tulipojibu, "Jumatatu," akainamisha kichwa.

Swali hilo ndilo lililotupeleka kwenye vitabu, na kwa matabibu, kuuliza ni jambo gani lililompata mwenzetu. Haya tutakayoyasema ndiyo tuliyoyapata.

Tuanze na ini lenyewe. Ini la mtu mzima lina uzito wa kilo moja na nusu hivi, nalo lakaa upande wa kulia chini ya mbavu. Kila dakika lita moja na nusu ya damu, au karibu yake, hupita ndani yake, na robo tatu hivi za damu hiyo hutoka matumboni kwa njia ya mshipa mmoja mkubwa. Fikirini habari ya mji wa bandari. Majahazi huleta tende, nguo na samaki, lakini shehena yote sharti ipite forodhani kabla ya kuingia mjini. Ini ndilo forodha ya mwili. Chakula kilichoyeyuka matumboni hufika hapo kwanza, kikakaguliwa na kupimwa, ndipo kiruhusiwe kwenda moyoni na kuenea mwilini.

Sasa, matumbo ya kila mtu, hata aliye mzima kabisa, yana vijidudu visivyohesabika. Wengi wa hao ni wapangaji wasio na madhara maadamu wakaa mahali pao. Lakini hapana siku isiyokuwa na wachache wanaoponyoka na kuingia katika damu iendayo kwenye ini. Forodhani wapo askari wanaowangoja. Ni chembe za mwili zilizojipanga ndani ya mishipa midogo ya ini, ambazo mtaalamu wa Ujerumani, Karl Wilhelm von Kupffer, alizieleza mwaka 1876, na mpaka leo zaitwa kwa jina lake. Chembe hizo humeza vijidudu mchana na usiku, na mwenye mwili hana habari. Tena ini ndilo kiwanda cha silaha: hutengeneza protini ziingiazo katika damu, ambazo hujishikiza kwa kijidudu na kukitia alama ili askari wengine wakione na kukiua.

Ini likiumizwa mwaka baada ya mwaka, nyama yake laini hugeuka kuwa makovu magumu. Ugonjwa huo waitwa sirosisi. Jina hilo lilitolewa mwaka 1819 na tabibu wa Kifaransa, René Laennec, yule yule aliyevumbua chombo cha kusikilizia kifua. Alilitoa katika neno la Kiyunani lenye maana ya rangi ya manjano iliyokoza, kwa kuwa ndiyo rangi aliyoiona ndani ya maini yaliyoharibika.

Ini la makovu huleta hatari nne, na yafaa tuzitaje moja moja.

Hatari ya kwanza, damu ya matumboni haipati njia ya kupita katika ini gumu, kwa hiyo hutafuta njia za kando. Forodha ikizibwa, majahazi huenda kushusha shehena usiku katika vijito visivyo na askari. Vijidudu navyo hupita kwa magendo namna hiyo, wakaingia mjini bila kukaguliwa.

Hatari ya pili, askari wa ini wenyewe hupungua nguvu, na kiwanda cha silaha hufanya kazi nusu. Wengu nao, ukiwa umevimba kwa damu iliyorudi nyuma, huzuia chembe nyeupe nyingi za damu ambazo zilitakiwa kwenda vitani.

Hatari ya tatu, kuta za matumbo hulowa na kulegea kwa damu iliyosongamana, na vijidudu hupenya kwa wingi kuliko desturi.

Hatari ya nne ni yale maji ya tumboni. Maji hayo yana protini chache za ulinzi, nayo yametuama kama dimbwi. Kijidudu kimoja kikifika humo hupata joto, chakula na nafasi, na hapana wa kukifukuza.

Ndiyo sababu madaktari husema kwamba mwenye ini lililochakaa ni mtu aishiye katika nyumba isiyo na komeo. Katika hospitali nyingi imeonekana kwamba kati ya wagonjwa 100 wa sirosisi waliolazwa, kiasi cha 25 hata 35 wana maambukizo ya vijidudu, ama waliyokuja nayo ama waliyoyapata wodini. Na uchunguzi uliokusanya habari za wagonjwa wengi, uliotolewa mwaka 2010, ulionyesha kwamba maambukizo huzidisha vifo vya wagonjwa hao kwa kiasi cha mara nne. Wengi wa wagonjwa wa ini hawauawi na ini peke yake. Mkono wa mwisho huwa ni wa kijidudu.

Maradhi yamviziayo mgonjwa huyu ni haya: kuoza kwa maji ya tumboni, ndiyo yaliyomwua mwenzetu, maambukizo ya njia ya mkojo, kichomi cha mapafu, vidonda na uvimbe wa ngozi, hasa katika miguu iliyojaa maji, na vijidudu kuenea katika damu yote. Kuoza kwa maji ya tumboni huja pasipo tumbo kutoboka wala kupasuliwa. Tabibu Mmarekani, Harold Conn, aliupa ugonjwa huo jina lake la kitabibu mwaka 1964, na siku zile karibu kila aliyeupata alikufa. Siku hizi, ukigunduliwa mapema na kutibiwa vema, wagonjwa walio wengi hutoka salama katika shambulio lile.

Wasikilizaji, hapa twawaomba mtege masikio, kwani hapa ndipo tulipokosea sisi. Tulingoja homa. Mgonjwa wa ini aweza kuwa na vijidudu vilivyoenea tumboni naye hana homa hata kidogo, kwa sababu mwili wake hauna tena nguvu ya kuwasha moto. Dalili za kuangaliwa ni nyingine. Mgonjwa aliyekuwa na akili timamu huanza kusahau, kusema maneno yasiyofuatana, kulala mchana na kukesha usiku, au mikono yake hupepesuka akiinyosha mbele. Mkojo hupungua. Tumbo huuma, hata kama ni kidogo, au lazidi kujaa ghafula. Huharisha, hutapika, au manjano ya macho huzidi kukolea. Pengine hapana dalili yo yote ila kwamba mgonjwa amekuwa dhaifu kuliko jana. Dalili moja yatosha. Siku hiyo hiyo, msingoje kesho, mpelekeni hospitali.

Na mkifika, semeni wazi: "Mgonjwa huyu ana ini lililochakaa na maji tumboni, naye tangu siku fulani amebadilika." Daktari atataka kutoa maji kidogo kwa sindano. Ndugu wengi huikataa sindano hiyo, wakidhani kwamba ndiyo imalizayo watu. Twawaambia kwa hakika kwamba sindano hiyo ni ndogo na hatari yake ni chache. Katika yale maji huhesabiwa chembe nyeupe za vita. Zikiwa 250 au zaidi katika milimita moja ya ujazo, dawa huanza mara moja, pasipo kungoja vijidudu vioteshwe katika chupa na kutambulikana. Uchunguzi mmoja wa Marekani, wa mwaka 2014, ulitazama wagonjwa waliokuwa na ugonjwa huu: wale waliotolewa maji baada ya kupita muda wa saa 12 tangu kufika hospitali walikufa kwa wingi, kiasi cha mara mbili ya wale waliotolewa mapema. Ikiwa saa 12 zina uzito huo, pimeni wenyewe uzito wa siku zetu nne.

Dawa zenyewe ni za kuua vijidudu, nazo huingizwa kwa mshipa kwa muda wa siku tano hata saba. Lakini kuua vijidudu hakutoshi, maana sumu zao huziangusha figo. Mwaka 1999 matabibu wa Hispania walitoa habari ya wagonjwa 126. Nusu walipewa dawa peke yake, na nusu walipewa dawa pamoja na albumini, ndiyo ile protini ya damu ambayo ini bovu haliwezi kuitengeneza ya kutosha. Katika kundi la kwanza walikufa hospitalini 29 kati ya kila 100. Katika kundi la pili walikufa 10 kati ya kila 100. Albumini ni ghali, wala haipatikani kila mahali, lakini ndugu wa mgonjwa wakiijua huweza kuiuliza.

Aliyepona mara moja yuko hatarini kushikwa tena. Kwa hiyo madaktari huwapa baadhi ya wagonjwa kidonge cha kuzuia, wakimeze siku zote. Kadhalika mgonjwa wa ini akitapika damu, pamoja na kumzuia damu hupewa dawa ya vijidudu, kwani saa ile ya kutoka damu ndiyo saa ambayo vijidudu hupenya kwa wingi. Lakini dawa hizi zitolewe na daktari. Kununua vidonge viwili vitatu dukani, na kuacha vikiisha, ni kuwafundisha vijidudu kuizoea dawa. Na siku ya haja dawa haitasaidia.

Je, nyumbani tufanye nini? Mambo ni machache na mepesi.

Mgonjwa asipewe dawa za maumivu ovyo. Aspirini, ibuprofeni na ndugu zake huumiza figo zilizo dhaifu na kuleta kutoka damu. Asipewe miti shamba isiyojulikana, hata kama aiwekayo ni mjomba tumpendaye, kwa maana kila kinachonywewa hupita katika ini lile lile lililochoka. Pombe aiache kabisa. Samaki, chaza na nyama apikiwe vikaiva. Yupo kijidudu wa bahari ya joto, ajulikanaye sana katika pwani za Ghuba ya Meksiko, ambaye hukaa katika chaza mbichi na huweza kumwua mwenye ini bovu kwa siku mbili tatu. Kidonda cha mguu, hata kidogo kama punje ya mtama, kioshwe na kufunikwa, wala asikitie katika maji ya bahari. Wanaomhudumia wanawe mikono. Na daktari aulizwe juu ya chanjo za kichomi na za mafua makali, zimfaazo mgonjwa huyu kuliko wengi wetu.

Neno lingine, wasitunyime wasikilizaji subira yao: asinyimwe chakula. Watu wengi hudhani kwamba mwenye tumbo kubwa yafaa afunge. Sivyo. Apunguze chumvi, lakini ale maharage, mayai, samaki na maziwa yaliyochemshwa, na kabla ya kulala ale tena kidogo, kwa kuwa ini bovu haliwezi kuweka akiba ya usiku.

Sasa tuulize, ini huharibikaje hata kufika hapo? Njia ni nyingi. Pombe ni moja. Kichocho cha matumbo, ambacho ni kingi kandokando ya maziwa yetu makubwa, chaweza kuziba njia za damu ndani ya ini na kujaza tumbo maji. Lakini katika nchi zetu njia iliyo kubwa ni kirusi cha homa ya ini cha namna ya B. Kirusi hiki alama yake ya kwanza iligunduliwa na Mmarekani Baruch Blumberg katika miaka ya 1960, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1976. Huambukiza kwa damu, kwa wembe na sindano zilizotumika, kwa zinaa, na kutoka kwa mama kumwendea mtoto wakati wa kuzaliwa. Hakiambukizi kwa kula sahani moja wala kwa kupeana mkono. Na ajabu yake ni hii: mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili hukifukuza, lakini mtoto mchanga akiambukizwa, kati ya 100 kiasi cha 90 hubaki nacho maisha yao yote. Hukaa kimya miaka 20, 30 hata 40, wala haumwi kitu, na huku ini lageuka makovu kidogo kidogo.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mwenzetu. Baada ya mazishi daktari alimweleza mjane wake kwamba ugonjwa wa mumewe ulikuwa ni kirusi hiki, na kwamba huenda alizaliwa nacho. Mtu yule hakupata kuonja pombe. Siku tulipoyasikia maneno hayo, sisi tuliokuwa tumenong'ona tulitazamana, na kila mmoja akatazama chini. Waswahili husema neno baya humkata mtu maini. Twashukuru kwamba hakuyasikia yetu, ila hatuna hakika kwamba hakuyasikia.

Chanjo ya kirusi hiki ipo tangu miaka ya 1980. Nchi za Afrika Mashariki zilianza kuitoa kwa watoto wachanga wote mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kwa hiyo watoto wetu wengi wamekingwa. Lakini sisi tuliozaliwa kabla ya hapo, watu wa miaka 30, 40, 50, hatukuipata. Kipimo chake ni tone la damu. Asiyenacho huchanjwa, aliyenacho hutazamwa na daktari, na akihitaji hupewa kidonge cha kila siku kinachokizuia kirusi kisiendelee kuharibu ini. Mficha maradhi kilio humwumbua, walisema wazee, na katika ugonjwa huu mficha maradhi mara nyingi hajui kwamba anayaficha.

Mdogo wa marehemu alikwenda kupimwa mwezi ule ule. Alionekana anacho. Leo anameza kidonge chake kila usiku, analima, ana nguvu, na watoto wake wote wamechanjwa. Yeye ndiye aliyetuomba tuje kusema hapa, akatupa ruhusa ya kuyataja haya, na akatuagiza tusisahau neno moja. Nalo ni hili: mkiwa na mgonjwa wa ini nyumbani, mkamwona amekosea jambo ambalo siku zote alijua, msicheke, wala msimshuku, wala msimguse kipaji mkasema hana homa. Mchukueni siku hiyo hiyo.